Naombeni ushauri: nna milioni 24 na Honda XL, nataka kuzunguka dunia, hela inatosha?

Umeme_Moro

Wakuu habari za jioni. Mwenzenu nipo Morogoro, miaka 34, sijaoa, kazi yangu ni fundi umeme wa majumbani. Hii safari nimeiwaza tangu nipo sekondari na sasa hivi nna miaka mitano naweka hela kwa ajili yake, nyingine ipo UTT (mifuko ya uwekezaji wa pamoja) mfuko wa Ukwasi nyingine benki, jumla imefika milioni 24. Pikipiki ni Honda XL 125 nlinunua kwenye mnada wa taasisi moja, injini nimeifungua mwenyewe na fundi wangu, iko vizuri.

Ramani niliyonayo kichwani ni kushuka Tunduma, Zambia, Botswana, Namibia mpaka Cape Town, afu nipande Afrika Magharibi mpaka Morocco, nivuke Ulaya, Uturuki, Iran, Pakistan, India, afu pikipiki irudi Dar kwa meli na mimi kwa ndege. Mwaka mmoja.

Hesabu yangu hii hapa. 24m gawanya kwa siku 365 napata kama 65,700 kwa siku. Mafuta, XL inakwenda km 35 kwa lita, nikitembea km 40,000 ni lita 1,143, nikipigia 3,000 ni kama milioni 3 na laki 4. Kwahiyo naona inabaki milioni 20 na ushee ya kula na kulala tu. Hema ninalo.

Mama ameniambia nikaulize waliowahi kwenda mbali kabla sijaacha kazi ndo maana nipo hapa. Naombeni mnikosoe bila kunionea aibu.

Fundi_Msamvu

Mkuu hongera kwa kuweka hela miaka mitano, hiyo peke yake sio ndogo. Kabla ya hesabu zote nna swali moja, kadi ya pikipiki ina jina la nani? Umesema umenunua mnada. Kama kadi bado inasoma jina la ile taasisi we hutoki Tunduma salama, na ukitoka utakwama mbele. Mimi nlipeleka pikipiki ya jamaa Lusaka kadi ina jina la aliyemuuzia, nna barua ya mauziano, nna mhuri wa wakili, nlikaa mpakani siku mbili nalala kwenye benchi la mama ntilie mpaka mwenye jina alipopatikana kwenye simu. Nenda TRA (mamlaka ya mapato) badilisha jina kwanza, hiyo ndo gharama ya kwanza kwenye bajeti yako na hujaiandika.

La pili hujaweka matengenezo hata shilingi. Km 40,000 kwa XL na mzigo ni oili kila km 2,000, hapo ni mara 20. Cheni na sproketi seti mbili au tatu, tairi la nyuma matatu mpaka manne, breki shuu, plagi, waya wa klachi. Waya wa klachi funga wa akiba pembeni ya ule unaotumika kabisa, sambamba, ukikatika unahamisha ncha mbili tu unaendelea na safari. Mimi ningetenga milioni 3 za pikipiki tu, mbali na maandalizi ya kuondokea.

NjiaNdefu_KE

Niaje ndugu, mimi ni wa Nairobi. Nilifanya Nairobi hadi Cape Town na kurudi na ka-250, siku 71, kilomita 13,400, na nilikuwa na daftari nikiandika kila kitu jioni kabla ya kulala hata kama ni chai. Nakupea hesabu yenyewe kwa dola juu sarafu ni nyingi njiani. Mafuta 625. Kulala 780. Kula 640. Mipaka na bima 190. Pikipiki 310. Jumla 2,545, ukigawanya ni karibu dola 36 kwa siku, na mimi nililala kwa hema usiku mwingi sana.

Sasa kitu nilijifunza kwa hilo daftari, na naomba ukisome polepole, siku zenye nilikimbia kilomita 500 zilikuwa zinanikula dola 45 na zaidi, siku zenye nilikaa mahali pamoja nikifua nguo na kupika zilikuwa 18 ama 20. Tofauti si mafuta pekee. Ukikimbia unafika usiku umechoka, unalipa chumba cha kwanza unaona, unakula hotelini, hata nguvu ya kutafuta soko huna. Kilomita 40,000 kwa mwaka mmoja ni karibu 110 kila siku bila kupumzika hata Jumapili, na hapo hujahesabu siku za kungoja viza. Hiyo ratiba ndiyo itakumalizia pesa, pikipiki haina makosa.

Bima pia. Kadi ya Njano ya COMESA, ile jumuiya ya biashara ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika (usichanganye na ile ya chanjo ya homa ya manjano, hiyo pia lazima ubebe) itakufunika Zambia, Malawi, Zimbabwe. Botswana na Namibia iko nje, hapo unalipa vitu vyao kwa mpaka. Afrika Kusini sehemu ya bima ya ajali iko ndani ya bei ya mafuta. Zambia kuna kodi ya kaboni kwa gari la kigeni, kuna tozo ya barabara, kila moja ni kidogo lakini zinakuja kwa madirisha tofauti. Usibadilishe pesa na vijana wa Nakonde, upande wa Zambia ukivuka Tunduma, ngoja ufike ATM mjini.

Dada_Hamburg

Kaka yangu nimesoma nikasikia roho inaniuma maana nakuona kabisa umejitoa. Nipo Ujerumani mwaka wa tisa sasa hivi, kazi yangu ni kwenye ghala la mizigo, kwahiyo nizungumze vitu viwili ninavyovishika kila siku.

Viza kwanza. Pasipoti yetu inafungua kusini vizuri, Zambia, Malawi, Zimbabwe, Botswana, Namibia, Afrika Kusini huombi viza. Hiyo ni zawadi, itumie. Ukitoka hapo mambo yanageuka. Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ada ni euro 90 tangu Juni 2024, wanataka taarifa ya benki, bima, na sababu ya kuamini utarudi nyumbani, na sasa we umeacha kazi huna mke huna mtoto, jiulize utawajibu nini. Na ukipewa ni siku 90 ndani ya kila 180, na balozi nyingi zinataka uombe ukiwa nchi unayoishi, yaani utoke Morocco urudi Dar kuomba. Tiketi ya hiyo safari ya katikati ipo kwenye bajeti?

Pili usafirishaji. Watu wanaulizia bei ya meli wanaambiwa ndogo wanafurahi, pikipiki ikifika upande wa pili wanakuta gharama za bandarini, kufungua kontena la kuchangia, ghala kwa siku, mtu wa klaringi, inazidi nauli yenyewe mara mbili. Kila mara uliza bei ya kutoa mzigo kule unakofika, kwa maandishi.

Kwa ndege wanachaji ukubwa sio uzito. Chukua urefu, upana na kimo kwa sentimita, zidisha, gawanya kwa 6,000, hizo ndo kilo utakazolipia kama zinazidi kilo halisi. Pikipiki ikisimama nzima kwenye kreti ya 200 kwa 80 kwa 110 ni kilo 293 kwenye karatasi hata kama mizani inasoma 150. Ukitoa tairi la mbele, ukalaza usukani, ukatoa vioo, ukaishusha kwenye kreti ya 170 kwa 60 kwa 90 unalipia 153. Karibu nusu imeondoka kwa spana mbili na saa moja ya kazi. Petroli itolewe yote na betri ichomolewe, bila hivyo haipokelewi.

Umeme_Moro

Asanteni sana, kadi bado ina jina la taasisi kweli, nlikuwa najua ila nikawa naipotezea. Nimekaa kimya nusu saa baada ya kusoma. Swali, na kama nikiacha Magharibi nikapanda kupitia Kenya, Moyale, Ethiopia, Sudan, Misri? Naona kwenye ramani ni fupi.

NjiaNdefu_KE

Kutoka Isiolo mpaka Moyale ni lami safi siku hizi, hapo hutateseka. Lakini Sudan iko kwa vita tangu Aprili 2023, hiyo njia usiiweke kwa bajeti ya mtu anayeacha mama nyumbani. Na Misri ni karneti.

Mzee_wa_Kitonga

Kijana wangu nimefurahi umetaja mama. Niongezee kwenye hiyo karneti maana vijana wengi huisikia mpakani kwa mara ya kwanza. Ni kitabu cha forodha kinachotolewa na chama cha magari, kinaahidi kwamba chombo chako kitatoka nchi kilikoingia, usipokitoa ushuru unalipwa. Ili wakupe unaweka dhamana, na dhamana inatokana na thamani ya chombo na nchi unazokwenda, kwa baadhi ya nchi inazidi bei ya pikipiki yenyewe. Misri, Iran, Pakistan, India wanakitaka hicho kitabu. Hela inarudi ukirudisha kitabu kikiwa na mihuri yote ya kutoka, muhuri mmoja ukikosekana umejiletea kesi. Kwahiyo hiyo ni hela yako lakini mwaka mzima huishiki, iandike kama haipo. Hapa XL yako inakusaidia, mwenye BMW ya milioni 50 dhamana yake sio yako.

Sasa naomba usikie hili. Elspeth Beard yule Mwingereza alianza kuzunguka dunia mwaka 1982 na BMW R60/6 iliyokwishatumika, hela ilipopungua akasimama Sydney miezi kadhaa akafanya kazi kwenye ofisi ya wasanifu majengo, akaendelea, akafika kwao 1984. Ted Simon alitoka London 1973 akarudi 1977, miaka minne. Hakuna aliyewacheka kwa kuchelewa. We ni fundi umeme, lakini usije ukadhani utafanya kazi nchi za watu kwa viza ya matembezi ukakamatwa. Rudi nyumbani katikati, fanya kazi, toka tena. Dunia ukiizunguka kwa vipande vitatu bado umeizunguka.

Na weka hela ya kurudi. Mimi mwaka 2009 nlikuwa Ndola baba akafariki Iringa, nlikuwa na pikipiki, nlikuwa na afya, ila mfukoni nlikuwa na kwacha za mafuta ya nusu njia. Nilifika siku ya nne, wameshazika. Tenga tiketi ya ndege na hela ya kuacha pikipiki mahali salama, weka kwenye akaunti ambayo kadi yake umemwachia dada yako, usiiguse hata ukilala njaa.

Fundi_Msamvu

Pole sana mzee wangu. Hapo kwenye afya pia, NHIF (bima ya afya ya taifa) haivuki mpaka. AMREF Flying Doctors, wale wa ndege za wagonjwa, wana uanachama wa mwaka kwa Afrika Mashariki, na kwa kusini kata bima ya safari inayotaja pikipiki kwa jina, nyingi zina mstari mdogo unaotoa pikipiki nje.

Umeme_Moro

Mzee wangu shikamoo, na pole sana kwa mzee. Nimeisoma mara tatu, nikamsomea mama, akaniambia hiyo akaunti aishike yeye sio dada.

Nimekaa na daftari upya. Milioni 5 ni ya kurudi na matibabu, mama anaishika. Milioni 4 kubadilisha jina la kadi, chanjo, bima, leseni ya kimataifa, tairi mpya, seti ya cheni, boksi za pembeni. Inabaki 15. Nikichukulia 75,000 kwa siku, sio dola 36 za ndugu wa Nairobi maana XL inakunywa kidogo na nitakaa mahali muda mrefu zaidi, hiyo ni siku 200. Nimeamua nitumie 120 tu, Dar mpaka Cape Town na kurudi kwa njia ya Malawi, hiyo ni milioni 9, ibaki 6 ya kuanzia kipande cha pili. Kazi siachi, nimeongea na bosi ananipa likizo bila malipo.

Nataka kutoka mwishoni mwa Julai, nifike Namibia Septemba baridi imepungua na Cape Oktoba mvua zao zimepita. Kesho asubuhi nipo TRA na kadi.

NjiaNdefu_KE

Hapo sasa umeongea. Ukivuka daraja la Kazungula kwenda Nata ni kilomita 300 na ndovu wako barabarani, jaza tangi kabla ya kutoka, ongeza Pandamatenga, na saa kumi jioni uwe ushasimama. Nyama mbichi usibebe Botswana, kwa vizuizi vya kukagua magonjwa ya mifugo wanachukua.

Umeme_Moro

Nimeandika. Tangi langu ni lita 8 na nusu, naongeza kidumu cha lita 5.