Mawakala wa mizigo ya ndege, acheni kutuuzia "huduma ya mzigo ulioganda" ambayo hamna

Wakuu,

Ukiuliza bei ya kusafirisha samaki, nyama au aiskrimu kwa ndege, jibu ni lilelile: "Usijali, tuna huduma ya mzigo ulioganda." Huduma ipi? Mara nyingi ni herufi tatu kwenye hati ya mzigo na stika ubavuni mwa boksi. Boksi likifika linavuja maji, wakala analisukumia lawama shirika la ndege, shirika linawasukumia wahudumu wa ghala, kisha wote wanakubaliana kwamba mwenye mzigo ndiye aliyefunga vibaya. Ni ulaghai, na unadumu kwa sababu wenye mizigo wengi hawajui waulize nini.

Tuanze na hizo herufi. FRO ni mzigo ulioganda, COL ni wa baridi tu, PES samaki na mazao ya bahari, PEM nyama, PEP matunda na mboga, ICE maana yake ndani kuna barafu kavu, yaani gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa. Hizo ni taarifa kwa mhudumu, basi. FRO haikuwekei nafasi kwenye chumba cha nyuzi -18. Wakala anayeiandika bila kuuliza ghala la kuondokea, la kubadilishia ndege na la kufikia kama wana chumba cha kugandisha, na kama kina nafasi usiku huo, amekuuzia maandishi. Kuna maghala yenye chumba cha nyuzi 2 hadi 8 pekee. Humo mboga zinakaa salama, lakini samaki aliyegandishwa anayeyuka taratibu, na kwenye karatasi itasomeka kwamba "alihifadhiwa kwenye baridi".

Tatizo kubwa haliko angani. Ni kweli tumbo la ndege ya abiria si friza, ila saa za kuruka zinajulikana na boksi zuri linazimudu. Mzigo unaharibikia chini: kwenye foleni ya ukaguzi wa usalama, kwenye toroli linalosubiri kando ya ndege, na pale ndege inapojaa mzigo wako ukashushwa kusubiri safari ya kesho. Paleti iliyozungushiwa plastiki angavu ikiachwa juani inanasa joto, na chini ya plastiki kunakuwa na moto kuliko hewa ya nje. Blanketi la kuakisi joto linasaidia sana hapo. Ukiulizia, unaambiwa ni gharama ya ziada. Haya, tulipe, lakini mbona kwenye bei ya kwanza halikutajwa?

Sasa barafu kavu, ambayo ndiyo inayonitia hasira kuliko yote. Inabadilika kuwa gesi moja kwa moja kwenye nyuzi -78.5, bila kupitia maji. Kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, zinaihesabu kuwa bidhaa hatari ya daraja la 9, namba UN1845 (namba ya Umoja wa Mataifa ya kutambulisha bidhaa hatari), maelekezo ya ufungaji 954. Boksi liwe na pa kutokea gesi, maana kilo moja inatoa zaidi ya lita 500 za gesi. Ukiziba kila mshono kwa gundi, boksi linavimba au kupasuka. Nje pawe na lebo ya daraja la 9, namba ya UN, jina la bidhaa, kilo halisi za barafu kavu, pamoja na anwani za mtumaji na mpokeaji. Kwenye hati ya mzigo ziandikwe namba, jina, idadi ya maboksi na kilo katika kila boksi. Kikikosekana kimoja, mzigo unakataliwa kaunta. Kila ndege ina kikomo chake cha barafu kavu, na rubani lazima ajulishwe kiasi kilichopakiwa. Kwa hiyo mzigo unaweza kushushwa hata kama hati zako ni safi, kwa kuwa tu wengine wameshajaza kikomo. Wakala makini huuliza jambo hili wakati wa kuweka nafasi. Asiye makini hukupigia simu ndege ikiwa imeshaondoka.

Halafu wanakushauri upunguze barafu! Hoja yao ni kwamba unalipia kilo zitakazoyeyukia hewani. Ni kweli unazilipia. Malipo hufuata uzito mkubwa kati ya wa mizani na wa ujazo, na ujazo ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6000. Kampuni za vifurushi hugawanya kwa 5000. Boksi la 60 kwa 40 kwa 40 ni kilo 16 za ujazo, na likijazwa samaki na barafu linazipita hizo kwenye mizani. Kwa hiyo kila kilo ya barafu ni pesa. Lakini boksi la kawaida la povu hupoteza kilo 2.5 hadi 5 kwa siku, zaidi kama ukuta ni mwembamba au nje kuna joto kali. Ukuta wa sentimita 5 unapitisha takribani nusu ya joto linalopita kwenye ule wa 2.5, ingawa nafasi ya ndani katika boksi lile la 60 kwa 40 kwa 40 inashuka kutoka lita 67 hadi 45. Anayekwambia utumie ukuta mwembamba na barafu kidogo anapunguza bei yake ya kukuvutia. Hasara ni yako.

Wengine wanapendekeza pakiti za jeli. Za kawaida zinaganda karibu na nyuzi 0, kwa hiyo haziwezi kulinda kitu cha nyuzi -18. Ni za mzigo wa baridi, si wa kuganda.

Na muda usihesabu saa za ndege. Hesabu tangu boksi linafungwa hadi linafunguliwa na mpokeaji. Safari ya ndege inayochukua saa 10 inazaa saa 40 kwa urahisi; funga kwa saa 72. Chakula kiwe kimeganda hadi katikati kabla ya kupakiwa, kwa sababu barafu kavu inatunza baridi, haifanyi kazi ya friza. Iweke juu, hewa baridi inashuka. Jaza kila uwazi kwa karatasi. Kirekodi joto kikae kati ya pakiti za chakula. Kikigusa barafu kitasoma baridi isiyokuwepo kwenye chakula na kuua ushahidi wako.

Cheti cha afya nacho kilingane na hati ya mzigo neno kwa neno na kilo kwa kilo. Na msikubali mzigo ufike Ijumaa jioni kama mkaguzi wa mifugo anarudi Jumatatu. Wakala analijua hili kuliko mtu yeyote, na bado anakupa ndege ya Ijumaa.

Mzigo ukiharibika, Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu usafiri wa kimataifa wa ndege, unaweka ukomo wa fidia: tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 26 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF) kwa kilo, isipokuwa ulitangaza thamani kubwa zaidi mapema na kulipia nyongeza. Ufungaji mbovu wa mtumaji unamwondolea msafirishaji lawama, ndiyo maana wanaukimbilia. Bima ya kawaida ya mizigo ya anga nayo hailipi hasara iliyotokana na ucheleweshaji, kwa hiyo soma vifungu kabla ya kulipa.

Mpokeaji asisaini kimyakimya. Kusaini bila maelezo kunachukuliwa kuwa mzigo ulifika salama. Afungue palepale, apime joto katikati ya pakiti, apige picha za theluji iliyojikusanya ndani ya mifuko na vipande vilivyogandana upya, dalili kwamba viliyeyuka vikaganda tena, kisha aandike kasoro kwenye risiti yenyewe. Malalamiko ya uharibifu yapelekwe kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea, ya ucheleweshaji ndani ya siku 21, kesi ndani ya miaka 2. Ni siku za kalenda, Jumapili na sikukuu zimo. Wakala akikwambia "subiri tufuatilie", mwandikie shirika la ndege siku hiyohiyo, kwa sababu siku ya 15 hakuna atakayelazimika kukusikiliza.