Nimesomea uhalifu na haki jinai miaka 3, leo nalinda godauni Iyunga na deni la milioni 9. Hesabu hii kwa nini hatukuonyeshwa mapema?

Wakuu, salaam. Nimetoka lindo saa 12 asubuhi, na baridi hii ya Julai ya Mbeya mnaijua. Ningepaswa kuwa nimelala, lakini usingizi haupo tangu mdogo wangu anipigie jana jioni.

Amemaliza kidato cha sita mwaka huu, HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili). Ananiambia watu wa chuo fulani walipita shuleni kwao kabla ya mtihani, wakagawa vipeperushi, na yeye ameshachagua: shahada ya uhalifu na haki jinai. Akanisomea kipeperushi kwenye simu. Polisi, Magereza, Uhamiaji, TAKUKURU, mabenki, mashirika, wote eti wanawahitaji wahitimu hawa. Maneno yaleyale niliyoambiwa mimi 2017, tumekaa ukumbini tunapiga makofi. Safari hii wameongeza kwamba tangu Rais aunde Tume ya Haki Jinai 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, wataalamu wa fani hii watatafutwa kwa tochi.

Nilinyamaza. Dada anayemwambia mtoto asisome anaonekana ana wivu.

Sasa nisemee hapa. Nilihitimu 2020. Miaka miwili nilizunguka na bahasha: Mafiati, Soko Matola, Mwanjelwa, hadi Iringa mjini kwa nauli ya kukopa. 2022 nikapata kazi kwenye kampuni ya ulinzi, leo ni msimamizi wa zamu. Mshahara 350,000. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, 35,000. Kodi 3,600. Mkopo wa elimu ya juu asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 52,500. Mkononi inabaki 258,900. Hapo kuna chumba Ilomba, kuna mtoto wa miaka 3, kuna mama kijijini Isyonje ambaye aliuza ng'ombe wawili kumalizia ada ambayo mkopo haukuifikia.

Deni lilianza milioni 9 na laki 4. Ligawe kwa 52,500. Ni miezi 179, karibu miaka 15. Mwanangu atakuwa kidato cha tatu au cha nne mimi bado nalipia bumu, ile posho ya mkopo, nililokula mwaka wa kwanza.

Kabla hamjanirukia: sigombani na kulipa. Nilikopa, nitalipa, na wadogo zetu wasome kwa hela hiyo. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ilifutwa 2021, nilishukuru kwa moyo wote, maana wenzetu waliotangulia deni lilikuwa linakua huku wanalipa. Makato kutoka asilimia 8 ya mshahara kwenda 15 yaliwekwa kwa sheria ya 2016, kabla sijasaini fomu. Kosa la kutosoma sheria nalibeba.

Nisichokibeba ni hiki. Nilipoingia mtaani ndipo nikajua kwamba milango niliyoonyeshwa haifunguliwi na cheti changu. Polisi wanapokea hata kidato cha nne, na tangazo lao linataka usiwe umeoa wala kuolewa, usiwe na mtoto, umri usiwe umepita. Binamu yangu aliingia na cheti cha kidato cha nne, akaenda depo, chuo cha polisi Moshi, leo ana mshahara wa serikali na hana deni hata la shilingi. Mimi nilipojifungua mlango huo ulifungwa, shahada au si shahada. Magereza ni hivyohivyo, na chuo chao kipo hapa hapa Kiwira, nakiona kila nikipanda gari la Tukuyu. Uhakimu na uwakili wa serikali vinataka shahada ya sheria. Ustawi wa jamii wana fani yao. Sisi tumesoma kidogo cha kila mmoja wao, na kila mmoja anatuambia tungesoma cha kwake.

Somo lenyewe sikulichukia. Niliandika utafiti kuhusu mahabusu wanaokaa muda mrefu wakisubiri upelelezi, na mpaka leo nikipita karibu na gereza la Ruanda roho inaniuma. Nchi inahitaji watu wa kulifikiria jambo hilo. Lakini hitaji la nchi si ajira yenye mshahara, na mtoto wa miaka 19 hawezi kutofautisha viwili hivyo kama mtu mzima mwenye tai anavichanganya makusudi ili ajaze madarasa.

Na hili ndilo linaloniwasha kuliko yote: takwimu zipo! Bodi ya Mikopo inapokea asilimia 15 ya mshahara wangu kila mwezi. Anayejua 15 anajua 100. Inajua nilisoma kozi gani, chuo gani, nilimaliza lini, na nadaiwa kiasi gani. Wamarekani serikali yao imeweka tovuti, mzazi anafungua chuo na kozi, haki jinai ikiwemo, anaona wahitimu wanalipwa kiasi gani na wanatoka na deni kiasi gani. Sisi mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, unatuambia ufaulu unaotakiwa na nafasi zilizopo. Mshahara wa waliotangulia hakuna. Msitaje jina la mtu, wekeni wastani tu, kozi kwa kozi, pembeni ya ufaulu. Mama yangu hakusoma zaidi ya darasa la saba lakini hauzi gunia la viazi Uyole bila kuuliza bei ya siku. Angeuza vipi ng'ombe kwa kitu kisicho na bei?

Dirisha la maombi ya vyuo ndilo hili, na mdogo wangu hanisikilizi mimi peke yangu. Naomba kila aliyepita chuo aandike hapa chini, bila jina la chuo: kozi, mwaka wa kuhitimu, deni, mshahara wa kwanza. Na mliofanikiwa kwa kozi hii hii yangu njooni pia, semeni mliingilia wapi, sitabisha. Jumapili nakwenda Isyonje, nitampa simu asome mwenyewe mwanzo mwisho.

Naanza mimi. Uhalifu na haki jinai, 2020, deni milioni 9.4, mshahara wa kwanza 220,000 baada ya kukaa miaka miwili bila kazi.