Naomba ushauri: roboti ya kusafisha bwawa la kuogelea inalipa?

Wakuu, habari za majukumu. Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita huku Paje, Zanzibar, na bwawa dogo la mita 8 kwa 4. Kinachonitesa ni mchanga. Kipindi cha kaskazi unaletwa na upepo, na mwingine wageni wanaingia nao miguuni wakitoka baharini. Ni ule mweupe, laini kama unga. Kijana wetu akipitisha brashi unatifuka, maji yanakuwa kama yametiwa maziwa, na kufika jioni umetulia palepale chini. Kuvuta kwa mpira kunakula saa mbili kila siku, na pampu kubwa inanguruma muda wote huo. Umeme unakwenda!

Nimeelewa kwamba roboti ina mota na chujio lake, haitegemei pampu ya bwawa. Klorini na pH bado ni kazi yetu, na kijana simwachishi, ana mengi ya kufanya.

Wenye nayo, hasa wa pwani: chujio linashika mchanga laini kweli, au linautema tena majini? Nichukue ya waya au ya betri, ukizingatia umeme wetu unavyokatika? Na mikanda na brashi zikiisha, vipuri mnapata wapi? Naogopa sana kununua kitu cha bei kubwa kikafia stoo kwa kukosa mkanda mmoja.

Natanguliza shukrani.