Tupeane uzoefu: vijana tunaojitolea kulinda maji yanayoingia Ziwa Victoria

Wadau, habari za leo. Hapa Mwanza siku ya usafi vijana wanajaa ufukweni kuokota chupa, picha zinapigwa, basi. Ikinyesha mvua moja tu, Mto Mirongo unashusha taka mpya na maji mekundu kwa udongo. Mimi na wenzangu tumehamia vilimani, tunachimba makingamaji, yaani mitaro ya kuzuia maji yasibebe udongo, na kupanda miti. Wa Mara, Kagera, Simiyu, ninyi mnafanyaje?

Kasia: Usitudharau wa ufukweni, mkuu. Sisi tunang'oa gugumaji. Ukiliacha ukingoni, wimbi linalirudisha lote, kwa hiyo tunalibeba mbali hadi likauke. Na huingii bila mabuti, maana konokono wa kichocho hujificha humo. Mbawakavu, wadudu wanaokula gugu hilo, walioachiwa ziwani miaka ya 1990 walilipunguza sana, ila mbolea na majitaka vikizidi kuingia, linarudi. Hapo nakuunga mkono.

Mwana Kitalu: Huku kwetu adui ni mbuzi. Miche ya vuli waliimaliza yote, mpaka mwenyekiti wa kijiji akaitisha kikao na wafugaji, tukaruhusiwa kuzungushia miiba. Halafu wapandaji huwa wengi, wamwagiliaji wa Agosti utawatafuta kwa tochi.

Wa Bondeni: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sawa. Sasa nenda kamsomee kifungu hicho bibi anayeishi kwa mchicha wake! Alitutimua, jembe mkononi. Tukarudi siku nyingine na vipando vya mabingobingo, yale majani marefu ya malisho. Akavigeuzageuza, akauliza, "Ng'ombe wangu atakula haya?" Tukamwambia atakula, bibi, wewe utakuwa unakata tu. Akatupeleka mwenyewe pale mto unapomega shamba lake, akachagua mahali pa kuanzia. Sasa ukingo umeshikwa na mchicha umesogea nyuma kidogo. Mita 60 bado sana, lakini jirani zake wameanza kuomba vipando.

Mwanzisha mada: Wa Bondeni, hiyo nimeipenda. Swali: kwenye chemchemi mnapanda nini? Tumeletewa mikaratusi tukaikataa, inanyonya maji mno. Tunataka mikuyu, miche hatuipati.

Mwana Kitalu: Mkuyu hauhitaji kitalu, ndugu. Kata tawi nene, chomeka mvua zikianza. Linashika.