Uliwahi kubaguliwa kwa rangi yako ukapaza sauti? Kelele zilisaidia? Tupeane uzoefu

Wakuu, mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha. Mwezi uliopita nilimtoa mke wangu kwa chakula cha jioni, tukaenda hoteli moja ambayo huwa napeleka wageni. Mlangoni kijana akatuambia pamejaa. Tukiwa bado tunageuza gari, Wazungu wawili wakashuka kwenye teksi, wakauliza tu kama kuna nafasi, wakapewa meza. Simu ilikuwa mfukoni. Sikurekodi, sikusema neno, na mke wangu hakuongea mpaka tunafika Sakina.

Tangu siku hiyo namuwaza Darnella Frazier, binti wa miaka 17 aliyesimama pale Minneapolis, Mei 25, 2020, akarekodi polisi Mzungu akimkandamiza shingoni kwa goti George Floyd, Mmarekani Mweusi, mpaka akafa. Taarifa ya kwanza ya polisi ilidai Floyd alipata tatizo la kiafya. Kama binti yule angeingiza simu mfukoni kama mimi, habari ingeishia kwenye taarifa ile.

Nani aliwahi kupaza sauti? Ilikuwaje?

Mdau wa Meru
Pole, mkuu. Mimi nasimulia ya babu. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Babu alikuwa kijana, na mpaka anazeeka alikuwa akisimulia habari za ng'ombe kabla ya habari za nyumba, maana waliswagwa mbali na wengi wakafia njiani. Wameru hawakushika silaha. Walikataa kutia saini, wakachangishana, na mwaka 1952 msemaji wao, Kirilo Japhet, akafika New York mbele ya Umoja wa Mataifa. Wakili wao, Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, alikuwa akifanya kazi Moshi. Kwenye Baraza Kuu azimio lilikosa theluthi mbili ya kura. Ardhi haikurudi wakati ule. Lakini kijiji cha huku mlimani kilijulikana duniani, na Kirilo aliporudi watu walitaka kumsikia. Babu hakuwahi kuujutia mchango wake.

Dada wa Moshi
Mwaka 2020 nilikuwa nasoma Marekani. Nilishaandamwa na walinzi madukani mara nyingi, nikazoea. Kilichonitoa ndani ni Ahmaud Arbery, kijana Mweusi aliyeuawa na Wazungu Georgia Februari 23 akiwa anakimbia mazoezi. Zaidi ya miezi miwili hakuna aliyekamatwa. Video ya mauaji ikatoka Mei 5, na Mei 7 watuhumiwa wawili wakawa mikononi mwa polisi. Kwa hiyo ushahidi polisi walikuwa nao muda wote!

Niliandamana mwezi Juni, baada ya kifo cha Floyd. Tulitembea saa nne kwa amani, akina mama wakigawa maji. Usiku nawasha televisheni, naona duka moja linaungua, linarudiwa na kurudiwa. Mama akapiga kutoka Kibosho analia, "Mwanangu, usitoke tena." Hayo ndiyo aliyoyaona yeye. Kamera zilitusaidia, sikatai, ila zilichagua cha kuonyesha. Na ile video ya Floyd sijawahi kuimaliza. Naomba tusiwe tunatumiana vifo vya watu kwenye magrupu kama vichekesho.

Mgumu wa Marangu
Mimi ni mpagazi, nabeba mizigo ya watalii Kilimanjaro. Mgeni aliniita nyani mbele ya wenzangu tukiwa mlimani. Niliporipoti tuliposhuka, safari iliyofuata sikuitwa, na ya baada ya hapo pia. Mwandishi mmoja alinitafuta, akataka jina na picha. Nina watoto watatu, nikakataa. Habari haikutoka. Dada, wewe ulikuwa na maelfu pembeni yako. Mimi nilikuwa peke yangu na mzigo.

Mleta uzi
Mgumu, nimekutumia ujumbe, naomba uujibu. Tupo madereva kama kumi tuliosoma hapa, na tumekubaliana kuandika barua moja, majina yote chini, la kwako tukilificha ukitaka. Na Jumamosi narudi pale hotelini na mke wangu na jozi nne za majirani. Safari hii simu itakuwa mkononi.