Mbona mnaruka sehemu ya makubaliano na kutuachia kipigo cha mkanda tu? Nimechoka na hizi muvi

Wadau habari zenu, leo naandika na hasira na sitaki mtu aniambie nitulie. Niko Busia, upande wetu wa Uganda, nina laibrari ya muvi, nawawekea watu kwenye flashi na kwenye simu, huu ni mwaka wa tisa, na karibu kila ninachouza nimekiangalia mwenyewe mpaka mwisho, zile zilizotoka kwenye vitabu huwa natafuta na kitabu nikasoma. Kwa hiyo asije mtu hapa akasema naongea kitu nisichokijua.

Jumamosi jioni nilienda kibanda kimoja hapa kwetu kudai hela yangu, nikakuta wanapiga Fifty Shades of Grey, ile ya 2015, imetafsiriwa Kiganda na VJ, yaani yule mtu anayetafsiri muvi kwa sauti yake huku akichekesha watu, ambaye jina lake naliacha. Mwenye kibanda akaniambia ngoja kidogo, nikakaa. Muvi ikafika pale yule tajiri na yule msichana wamekaa kwenye meza ndefu na karatasi mbele yao, wanapitia mkataba, hiki nakubali, hiki sitaki, hiki kifute kabisa. VJ akasema "hapa wanaongea mambo ya ofisi" akasukuma mbele. Akaruka yote! Lakini ilipofika pale msichana anapigwa mkanda hakuruka hata sekunde moja, akapandisha sauti, eti mwanamke asipopigwa atajuaje kama anapendwa, kibanda kizima kikacheka, na benchi la mbele limejaa watoto wa praimari waliolipa mia tano zao.

Banange, mnajua hiyo sehemu ya mkanda inasema nini? Msichana anapigwa mara sita, anahesabu mwenyewe, analia, halafu anamkataza yule mwanaume asimsogelee, anachukua vitu vyake anaondoka. Muvi inaishia kwenye lifti. Yaani hadithi yote inafika mahali mwanamke anasema hapana, na huyu VJ akatuambia anaenda kwao kuchukua nguo arudi. Nilitoka nje natetemeka, hata hela yangu sikuichukua.

Na msidhani naitetea hiyo muvi. Kitabu chake cha 2011 pamoja na viwili vilivyokifuata vimeuza zaidi ya nakala milioni 100 duniani na kimeoza vilevile. Mwanaume anafuatilia simu ya msichana ajue yuko wapi, anauza gari la msichana, msichana akienda kumtembelea mama yake jamaa anapanda ndege anamfuata, na hayo yote tunaambiwa ni mapenzi kwa sababu ana helikopta. Ule mkataba unaozungumzwa kurasa na kurasa msichana hausaini kamwe, lakini mambo yanaendelea tu. Angekuwa kijana wa bodaboda anafanya hayo hapa Busia tungeita polisi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hii kitu ina historia yake na waandishi wanaijua. Neno lenyewe, sadomasokizimu, yaani kupata raha ya kimapenzi kwa kuumiza au kuumizwa, limetengenezwa na majina ya waandishi wawili ambao hawafanani hata kidogo. Wa kwanza ni Marquis de Sade wa Ufaransa, aliyekufa 1814. Kwenye vitabu vyake watu wanafungiwa ndani, wanateswa, hakuna anayewauliza, na mateso ndiyo furaha ya mtesaji. Wa pili ni Leopold von Sacher-Masoch, mtu wa Lemberg, mji unaoitwa Lviv leo. Huyu mwaka 1869 aliandikiana mkataba na mwanamke mmoja, Fanny Pistor, wa miezi sita, kwamba yeye atakuwa mtumwa wake na mwanamke atavaa manyoya, wote wawili wakakubali, na mwaka uliofuata akatoa riwaya yake ya Venus in Furs ambayo na yenyewe ndani yake kuna mkataba. Mnaona? Karatasi ya makubaliano ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Halafu daktari Krafft-Ebing akachukua jina la huyu bwana akalifanya jina la ugonjwa, masokizimu, wakati mwenyewe alikuwa bado hai! Baadaye watu wakaunganisha majina yote mawili kuwa neno moja na tangu hapo kila mtunzi anatupikia sufuria moja, yule aliyeomba na yule aliyefungiwa ndani wote wanaonekana kitu kimoja.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Watu wazima wawili wakikaa wakaongea kabla, wakapanga mipaka, wakaweka neno la kusimamisha ambalo likitajwa tu mkono unashuka, wakimaliza wakaangaliana kama wote wako salama, hicho ni kitu kimoja. Mtu kumpiga mwenzake kwa sababu ana nguvu au ana hela ni kitu kingine kabisa. Kinachotenganisha ni yale mazungumzo. Ukiyakata umebakiwa na kipigo basi. Na watunga hadithi ndicho wanachokata kila siku kwa sababu wanaona kuongea hakuuzi tiketi.

Na wakishakata mazungumzo inabidi watafute sababu kwa nini mtu anapenda hivyo, basi wanamfanya mgonjwa. Yule tajiri mama yake alikuwa mtumiaji wa dawa za kulevya, alichomwa na sigara utotoni, kwa hiyo ndio maana, na akipata mke mzuri atapona. Secretary ya 2002 nayo inaanza na msichana ametoka hospitali ya wagonjwa wa akili, anajikata mwilini. Ile muvi ina mambo mazuri sikatai, kuna upole ndani yake, lakini nilipotafuta hadithi fupi iliyotoka, ya Mary Gaitskill ya mwaka 1988, nikakuta msichana haolewi na bosi wake, anaacha kazi tu anarudi nyumbani na moyo mzito. Waliotengeneza sinema wakaongeza harusi! Bosi anamchapa sekretari ofisini bila kumuuliza, mwisho wake gauni jeupe. Kuna wasichana wangapi hapa wanafanya kazi kwenye ofisi za wakubwa na wanaangalia hiyo? Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, iliyopitishwa 2019 ikaanza kutumika Januari 2022, walishaondoa hili la watu wazima waliokubaliana, wakabakiza la mtu anayetesa asiyekubali. Madaktari wametenganisha, watu wa sinema bado.

Moja tu niliyoiona ikanyamazisha moyo wangu ni The Piano Teacher ya 2001, imetoka kwenye riwaya ya Elfriede Jelinek. Ngumu sana kuiangalia, siwawekei watoto kwenye flashi. Mwalimu wa piano anamwandikia kijana barua ndefu ya mambo anayotaka afanyiwe. Kijana anasoma, anachukia, anamdharau. Baadaye anakuja usiku nyumbani kwake, anampiga, anambaka, huku anamtupia maneno ya barua yake mwenyewe, si ulitaka, si uliandika. Mwanamke anamwambia aache, haachi. Hiyo muvi haikunidanganya. Inaonyesha wazi kwamba kuomba jana hakumpi mtu ruhusa leo, na barua inaweza kugeuzwa fimbo. Nimeiuza mara mbili tu tangu nifungue.

Sasa kwa nini nalia na hadithi za wazungu? Kwa sababu kuna mama mmoja wa mtaa huu, mteja wangu, alikuja mwezi uliopita mkono umevimba. Nikamuuliza akasema mume wake alimwambia huo ni mchezo, ameuona kwenye muvi, kwamba wanawake wa huko Marekani wanaupenda ila wa huku washamba. Hakuulizwa. Hakuna neno la kusimamisha, alilia na haikusaidia. Na kwetu tayari tuna wazee wanaosema mke huchapwa kidogo ili nyumba itulie, kwa hiyo hiyo muvi haikuleta kitu kipya, imempa mwanaume yuleyule kisingizio kipya chenye suti na gari zuri. Tuna sheria ya ukatili wa nyumbani tangu 2010 lakini huyu mama ananiambia nitaenda kusema nini polisi, kwamba tulikuwa tunacheza?

Na msiniletee habari ya kupiga marufuku. Kenya waliizuia hiyo Fifty Shades Februari 2015, mpaka uko hapa nauona, na flashi haikaguliwi na mtu wa paspoti. Sisi wenyewe mwaka 2005 Baraza la Vyombo vya Habari lilizuia tamthilia ya The Vagina Monologues isichezwe Kampala, tamthilia ambayo wanawake wanasimama kusema kwa mdomo wao miili yao imetendewa nini. Wanawake wakiongea inazuiwa, mwanamke akipigwa kwenye skrini ya kibanda kila Jumamosi mnakaa mnakula karanga.

Wewe VJ najua unapita humu, na najua una kipaji maana hata mimi umenichekesha miaka mingi. Ile meza ndefu na ile karatasi ni dakika chache tu. Rudi uzitafsiri. Sema kwa Kiganda kizuri kwamba dada anakataa hiki na kile kinafutwa, na mwisho sema ameondoka kwa sababu hakutaka, wale watoto wa benchi la mbele wasikie. Ukileta kopi hiyo nitaiweka kwenye flashi za watu bure kwa mwezi mzima, na ile ya zamani nimeshaifuta kwenye kompyuta yangu jana usiku, atakayekuja kuiulizia atafute laibrari nyingine.