Acheni kuwadanganya wageni kwamba "Texas bastola ni ruhusa, ning'iniza tu kiunoni"

Wakuu, salamu zikae pembeni leo.

Kila mgeni akiuliza kwenye magrupu ya Waswahili wa Houston na Dallas habari ya kubeba bastola, majibu ni yale yale: "Huku kibali kilishafutwa ndugu, vaa kiunoni utembee kifua mbele." Watu kumi wanajibu, na hakuna hata mmoja anayemuuliza huyo mtu ameingia Marekani kwa karatasi gani. Swali la kwanza ndilo hilo! Linakuja kabla ya kubishana kubeba wazi au kwa kificho, kabla hata ya kuchagua bastola yenyewe.

Mtu aliyeingia kwa viza ya muda, awe mwanafunzi wa F-1, mtalii wa B-2 au mfanyakazi wa H-1B, sheria ya serikali kuu inamkataza kumiliki silaha na hata risasi moja ya mfukoni. Asiye na karatasi kabisa, hivyo hivyo. Adhabu ni kifungo cha hadi miaka 15. Kwa wa viza kuna mwanya mmoja unaojulikana: leseni hai ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Siyo ya mwaka juzi iliyokwisha muda, iliyo hai. Mwenye grinikadi (kadi ya ukaaji wa kudumu), wakiwemo waliotoka kwenye bahati nasibu ya viza, anaruhusiwa. Dukani atajaza fomu ya 4473 inayouliza uraia na hali ya uhamiaji, na kudanganya humo ni kosa jingine linalojitegemea.

Halafu kuna jambo ambalo wajuaji wetu hawaligusi. Mwenye grinikadi akitiwa hatiani kwa kubeba silaha kinyume cha sheria, sheria ya uhamiaji inamweka kwenye kundi la wanaoweza kufukuzwa nchini. Mzawa akikutwa na kosa lile lile atalipa faini au atakaa jela kidogo arudi nyumbani kwake. Wewe nyumbani utakakorudishwa ni Kinondoni au Kisumu, watoto umewaacha Arlington. Sasa huyo anayekwambia "tembea tu" atakulipia wakili?

Tuje kwenye Texas yenyewe. Kuanzia Januari 1, 2016 wenye leseni waliruhusiwa kubeba bastola ikionekana. Kuanzia Septemba 1, 2021 leseni ikaacha kuwa sharti kwa mwenye umri wa miaka 21 na kuendelea ambaye hakatazwi na sheria kumiliki bastola. Hapo ndipo watu walipofunga masikio. Hawakusikia kwamba aliyetiwa hatiani ndani ya miaka 5 kwa makosa fulani, mojawapo kumpiga mtu na kumjeruhi, hayumo kwenye ruhusa hiyo. Na hawakusikia kwamba bastola ikionekana hadharani lazima iwe ndani ya holsta, yaani ala yake ya kuvalia. Kuichomeka kwenye mkanda wa suruali kama jambazi wa sinema, kitako kikichungulia, ni kosa. Ndani ya gari pia, bastola iliyolala wazi kwenye kiti cha abiria bila holsta ni kosa. Iwe kwenye holsta, au isionekane.

Mabango sasa. Nimeona mtu anaandika "ukiona bango lolote puuza, ni la kutisha". Haya, tuyasome; namba zake ni za vifungu vya sheria ya jinai ya Texas. Bango la 30.06 linamzuia mwenye leseni kuingia na silaha aliyoificha. La 30.07 linamzuia mwenye leseni kuingia nayo ikionekana. La 30.05 linamhusu asiye na leseni. Ndiyo maana yako maduka yenye 30.07 peke yake mlangoni: mwenye leseni aliyeficha anapita, aliyening'iniza anabaki nje. Bango halali la 30.06 au 30.07 lina maneno yaliyowekwa na sheria, kwa Kiingereza na Kihispania, herufi kubwa zenye kimo kisichopungua inchi 1, rangi ya kutofautiana na ubao. Ukilipuuza ni kosa la daraja C, faini isiyozidi dola 200. Ukiambiwa kwa mdomo utoke ukaanza kubisha, linapanda hadi daraja A: jela hadi mwaka 1 na faini hadi dola 4,000. Kwa hiyo meneja akikwambia toka, unatoka, hotuba za katiba utamalizia nje. Na lile lenye 51% kubwa nyekundu ni la baa, mahali ambapo zaidi ya nusu ya mapato yanatokana na pombe inayonyweka hapo hapo. Hapo huingii na bastola, imefichwa au haijafichwa, una leseni au huna. Ni jinai kubwa. Shule, mahakama na vituo vya kura wakati wa kupiga kura, vilevile.

Na kama unadhani leseni sasa ni karatasi ya kupamba ukuta, pima hii: sheria ya serikali kuu inakataza kuwa na bastola yenye risasi ndani ya futi 1,000 kutoka eneo la shule, kama mita 305, na barabara inayopita nje ya shule inahesabiwa. Aliyesamehewa ni mwenye leseni ya jimbo lile. Asiye na leseni anapaswa awe ameitoa risasi na kuifungia kwenye sanduku. Jamani, katika mji gani wa Texas utaendesha dakika kumi bila kupita karibu na shule? Leseni yenyewe ada yake kwa jimbo ni dola 40, darasa saa 4 hadi 6, mtihani wa risasi 50: 20 kutoka yadi 3, 20 kutoka yadi 7, 10 kutoka yadi 15, ufikishe alama 175 kati ya 250. Mtu aliyefanya mazoezi wikiendi mbili anaupita. Mnamzuia mtu kwa kitu hiki?

Sasa wazi au kificho. Msimamo wangu sibadilishi: ficha. Bastola inayoonekana inamwambia kila aliye nyuma yako kwenye foleni ya kulipia mahali ilipo, na wewe mikono yote miwili imeshika mifuko ya unga. Ukiamua kubeba wazi, nunua holsta yenye kizuizi cha kubonyeza kwa kidole au mkanda wa kufungua, siyo ile inayoshikilia kwa kubana tu. Wangapi wanafanya hivyo? Wengi wananunua kitambaa cha nailoni cha dola 15 kinachojidai kuingia bastola zote, maana yake hakikai sawa na hata moja. Kitambaa kinakunjika mdomoni, mtu anairudisha bastola, mkunjo unaingia kwenye triga (kifyatulio), mlio unafuata na paja lake ndilo linaloumia. Kile kikamba cha jaketi chenye kibonge cha plastiki mwishoni hufanya kazi hiyo hiyo. Kikate kabla baridi haijaanza.

Holsta ya kuficha iwe ya plastiki ngumu, ifunike triga yote, mdomo ubaki wazi hata bastola ikitoka. Ijaribu nyumbani: toa magazini (kibebeo cha risasi), vuta slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma), hakikisha chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ni tupu kwa macho na kwa kidole, ivishe holsta, igeuze kichwa chini juu ya godoro uitikise. Ikidondoka, rudisha dukani. Mkanda wa suruali uwe mgumu, upana inchi 1.5. Huo mkanda laini wa suti unalegea, kitako kinalala nje, shati linachora umbo la bastola ukiinama tu. Na chooni usiitundike kwenye ndoano ya mlango wala usiiweke juu ya boksi la karatasi za chooni, ndivyo zinavyosahaulika. Inabaki ndani ya holsta, ndani ya suruali iliyoteremshwa.

Mkitaka kubishana leteni kifungu. Msilete "shemeji yangu huwa anavaa".

—

Mchangiaji wa pili:

Mkuu umewasahau madereva wa malori. Ruhusa ya Texas haipandi lori na wewe. Mtu anapakia Laredo anapeleka New Jersey, bastola iko nyuma ya kiti, ana uhakika leseni ya Texas inamlinda. New Jersey haiitambui. Bastola bila kibali cha huko ni miaka 5 hadi 10, na miezi 42 ya kwanza huwezi kuomba kutoka mapema. Wakikukuta na risasi zenye tundu kichwani, hilo ni shitaka jingine. Sheria ya kupita majimboni inamlinda anayetoka mahali anaporuhusiwa kuibeba akielekea mahali anaporuhusiwa kuibeba, silaha ikiwa haina risasi na haifikiki kirahisi. Kama gari halina buti, iwe kwenye sanduku lenye kufuli, na droo ya dashibodi haihesabiki. Wewe mwisho wa safari ndio huko huko New Jersey, unalindwa na nini?

—

Mchangiaji wa tatu:

Mnaongea kana kwamba askari wa huku anasoma vifungu kwanza. Philando Castile, Mmarekani mweusi aliyesimamishwa barabarani na polisi, alikuwa na kibali cha bastola, Falcon Heights, Minnesota, Julai 6, 2016. Alimwambia askari kwamba ana silaha. Alipigwa risasi akiwa kwenye kiti cha dereva, na askari akaachiwa huru mwaka 2017. Ngozi yetu ni ile ile.

—

Mwanzisha uzi:

Wa pili, asante, hilo lilistahili uzi wake.

Wa tatu, sikubishii, na ndiyo sababu nyingine ya kutoning'iniza kitu kiunoni. Ukisimamishwa: taa ya ndani washa, kioo shusha, mikono yote miwili juu ya usukani kabla hajafika dirishani. Leseni ya udereva isikae mfuko wa upande wenye bastola, isije ikakulazimu kupeleka mkono huko. Texas, mwenye leseni ya bastola aliyeibeba akiombwa kitambulisho anatoa kadi zote mbili. Sema "nina leseni, nimebeba, nifanye nini?" halafu subiri. Usianze sentensi na neno "bastola".

—

Mchangiaji wa nne:

Na Ijumaa mwenye kanzu afanyeje? Hapo kuficha ni rahisi kuliko vyote.

—

Mwanzisha uzi:

Kuficha rahisi, kuitoa je? Utapandisha kanzu hadi kiunoni mbele ya jamaa? Na ukisujudu, iliyo nyuma ya nyonga inachora umbo lake mgongoni mwako, safu nzima ya nyuma inaiona. Kwanza uliza msikiti: nyumba ya ibada Texas unaweza kuingia nayo mpaka wenyewe wakatae, kwa bango au kwa mdomo. Usiyetaka kuuliza, iache garini ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, waya wa sanduku ukiwa umezungushwa kwenye chuma cha chini ya kiti, na uifungie humo kabla hujafika maegesho. Ukiifungia pale pale mbele ya watu, ushamwonyesha mwizi gari la kuvunja.